Udongo Wako Unasemaje? Samadi, Majivu na Bustani Ndogo ya Kambini

(Muziki wa kipindi unapungua. Msomaji wa mazungumzo anaanza.)

Karibuni tena katika mazungumzo yetu ya kilimo. Kwa wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi, karibu pia. Kama mko kikundi, mmoja awasomee wenzake polepole, na mwisho kuna maswali ya kujadiliana.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu siku ya tatu tuliipita zamani. Kakuma ilianza mwaka 1992, Nyarugusu mwaka 1996. Wapo waliozaliwa humo humo na leo wana watoto wao. Jembe tunalo. Kinachotusumbua ni ukubwa wa shamba. Kwa mmoja ni kipande cha nyuma ya nyumba, hatua sita kwa hatua nne. Kwa mwingine ni matuta mawili kando ya bomba la maji. Kwa mwingine ni gunia moja la mboga mlangoni.

Mwenye ekari tano akikosea kona moja, kona nyingine itamlisha. Mwenye matuta mawili na pakiti moja ya mbegu akikosea, amekosa msimu mzima. Na mgao unapopungua, mchicha ule wa nyuma ya nyumba ndio kitoweo chenyewe. Kwa hiyo sisi wenye shamba dogo ndio tunaopaswa kuujua udongo wetu zaidi kuliko mwenye shamba kubwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipolima bustani ya mboga, jirani alinipa gunia zima la mavi ya kuku, mabichi, siku hiyo hiyo yametoka bandani. Nilifurahi sana. Niliyamwaga yote kwenye tuta la kabichi, nikamwagilia maji, nikalala nikiota kabichi kubwa. Siku ya tatu majani yakaanza kukauka pembeni kama yamebabuliwa na moto. Baada ya wiki moja sikuwa na mche hata mmoja. Kuna aliyeniambia ni kijicho cha watu. Hapakuwa na kijicho. Niliichoma mwenyewe, tena kwa kitu kizuri. Leo nataka uelewe kwa nini, ili wewe usipoteze mbegu zako.

UDONGO NI NYUMBA YENYE VYUMBA

Chukua bonge la udongo mzuri mkononi. Unaona kitu kigumu, lakini karibu nusu yake si kitu kigumu. Ni nafasi tupu, vyumba vidogo sana. Baadhi ya vyumba vimejaa maji na vingine vimejaa hewa. Mizizi inahitaji vyote viwili: inakunywa maji, na inapumua kama sisi. Udongo uliokanyagwa miaka mingi na miguu ya watu, kama njia ya kwenda bombani, vyumba vyake vimebanwa. Ndiyo maana hata magugu hayaoti pale.

Sehemu ngumu ya udongo ina chembe za aina tatu. Mchanga una chembe kubwa, unaziona kwa macho na kuzihisi zikikwaruza vidole. Tope laini lina chembe ndogo kama unga. Mfinyanzi una chembe ndogo kupita zote. Chembe yake haizidi sehemu ya mia tano ya milimita... yaani milimita 0.002. Juu ya hizo kuna kitu cha nne: mabaki ya majani, mizizi na wadudu yaliyooza, ambayo tunayaita mboji.

Kila moja ina tabia yake. Mchanga hupitisha maji haraka, na chakula cha mmea huondoka na maji hayo. Mfinyanzi hushika maji na chakula, lakini ukiloa unanata, ukikauka unapasuka, na hewa haipiti vizuri. Mboji husaidia pande zote mbili: kwenye mchanga hushika maji kama sifongo, na kwenye mfinyanzi hutenganisha chembe ili hewa ipite.

Utajuaje wako ni upi? Huhitaji maabara. Fanya majaribio haya matatu.

La kwanza ni la kiganja. Chukua udongo kidogo, ulowanishe, uufinyange. Ukikataa kabisa kushikana, ni kichanga. Ukikubali kuwa kijiti kinene lakini ukikikunja kinakatika, ni mchanganyiko, na huo ndio tunaoupenda. Ukiweza kufanya kijiti chembamba na kukikunja kama pete bila kukatika, ni mfinyanzi.

La pili ni la chupa. Tafuta chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji mpaka karibu ijae, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iweke mahali pasipo na watoto wa kuichezea. Mchanga utatua chini ndani ya dakika moja hivi. Tope laini litatua juu yake baada ya saa kama mbili. Mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi. Vijiti na majani vitaelea. Kesho yake utaona tabaka zimepangana, na utajua ipi imezidi.

La tatu ni la maji. Chimba shimo la kina cha kutoka kiwiko hadi vidole, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili na uangalie. Maji yakiisha kwa dakika chache, udongo wako ni kama chungio. Mwagilia kidogo kidogo, mara nyingi. Maji yakilala humo usiku mzima, mizizi itakosa hewa. Hapo inua matuta juu, au lima kwenye gunia.

Na hapa nikuonye. Utasikia watu wakisema, "Udongo wako ni mfinyanzi? Ongeza mchanga." Ukiongeza ndoo mbili tatu za mchanga kwenye tuta la mfinyanzi, unaweza kupata kitu kinachofanana na tofali. Ongeza mboji badala yake.

UDONGO MCHACHU NA UDONGO WA MAGADI

Sasa twende kwenye jambo lisiloonekana kwa macho. Udongo unaweza kuwa mchachu, kama ndimu, au wa upande wa pili, kama magadi. Wataalamu hupima kwa namba zinazoitwa pH, kuanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni magadi. Mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7. Na kila ukishuka namba moja, uchachu unazidi mara kumi. Udongo wa 5 ni mchachu mara kumi kuliko wa 6.

Kwa nini hilo likuhusu? Kwa sababu chakula kinaweza kuwa kimo udongoni na mmea ukafa njaa. Ni kama mgao uliofungiwa ghalani na ufunguo umepotea. Kwenye udongo mchachu sana fosforasi hushikwa na madini ya chuma na aluminiamu, mmea hauipati. Fosforasi ndiyo inayojenga mizizi. Ikikosekana, mche unadumaa, na mahindi machanga hugeuka rangi ya zambarau kwenye majani. Tena pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Maharage huumia mapema.

Udongo mwekundu unaopata mvua nyingi, kama ule wa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanzania, vilima vya Burundi na Kivu ya Kusini, mara nyingi huelekea kwenye uchachu. Wekundu ule ni kutu ya chuma. Mvua ya karne nyingi imeosha kalsiamu na magnesiamu, ikaacha chuma na aluminiamu nyuma. Lakini Turkana, kule Kakuma na Kalobeyei, mvua ni haba na jua ni kali. Maji yanapanda juu na kukauka, yanaacha chumvi. Huko udongo mara nyingi huelekea upande wa magadi.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu watu wetu wanahama. Mtu aliishi Kigoma, akajifunza kwamba majivu ni dawa ya shamba. Leo yuko Kakuma, anamwaga majivu kila siku, na mboga zinakuwa njano. Hakuwa mwongo aliyemfundisha. Udongo ndio umebadilika.

Majivu ya kuni na mkaa yana kalsiamu na potasiamu, na fosforasi kidogo. Hayana naitrojeni, kwa kuwa moto umeipeleka hewani. Yakiingia kwenye udongo mchachu huupunguza ukali wake, kama chokaa, ila kwa nguvu ndogo kuliko chokaa. Kipimo chake ni konzi moja, au mbili ndogo, kwa eneo la hatua moja kwa hatua moja, mara moja kwa mwaka. Yatawanye, yachanganye na udongo, kisha subiri wiki mbili tatu kabla ya kupanda. Usitumie majivu ya plastiki, matairi, wala mbao zilizopakwa rangi, yana sumu.

Kama udongo wako una magadi au chumvi, usiweke majivu kabisa. Na hata kwenye udongo mchachu, usilime mboga pale pale ambapo jiko limekuwa likimwaga majivu kwa miaka. Pale yamezidi. Chota kidogo kidogo, ukatawanye kwingine.

Jaribio rahisi ni hili. Weka udongo mkavu kwenye kisosi, dondoshea siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa ndani yake, na majivu si rafiki yako. Usipotoa povu, bado hujajua kama ni mchachu. Umejua tu kwamba chokaa si nyingi. Ukiona ukoko mweupe juu ya ardhi baada ya maji kukauka, hiyo ni chumvi.

Mwenye udongo wa chumvi afanye nini? Kwanza, asimwagilie vijiko vijiko kila siku. Amwagilie kwa wingi mara chache, ili maji yashuke na chumvi chini ya mizizi, mradi shimo lile la majaribio lilionyesha kuwa maji hupita. Pili, afunike udongo kwa majani makavu, ili jua lisivute chumvi juu. Tatu, achague mimea inayovumilia. Maharage huumia haraka kwa chumvi. Kunde huvumilia zaidi.

SAMADI SI MOJA

Sasa turudi kwenye gunia langu la mavi ya kuku.

Mmea unahitaji vyakula vingi, lakini vitatu ndivyo vinavyohitajika kwa wingi: naitrojeni ya majani, fosforasi ya mizizi na mbegu, potasiamu ya nguvu na ya kuvumilia ukame. Samadi ina vyote vitatu, ila si kwa kiasi kimoja. Ya kuku ni kali kuliko zote, kwa sababu kuku hana mkojo wa pembeni. Kila kitu kinatoka pamoja. Ya mbuzi na kondoo hufuata, ni kavu na imeshikana. Ya ng'ombe ni poa kuliko hizo, ina maji mengi na nyasi nyingi. Ya sungura ni nzuri pia na haina ukali wa kuku.

Naitrojeni ya samadi mbichi ya kuku hugeuka haraka kuwa gesi ya amonia. Ndiyo ile harufu inayokuchoma pua ukiingia bandani asubuhi. Ikikuchoma pua wewe, itauchomaje mzizi mwororo wa kabichi? Pamoja na amonia kuna chumvi nyingi. Chumvi ikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii tena ndani, yanatoka. Ndiyo maana kabichi zangu zilikauka nikiwa nazimwagilia kila siku. Zilikuwa na kiu katikati ya maji.

Harufu ile ina somo jingine. Unaponusa amonia, unanusa naitrojeni inayokimbia. Samadi inayoanikwa juani wiki nyingi imebaki maganda. Samadi inayoachwa mvuani huoshwa, na chakula chake kinateremka mtaroni. Kwa hiyo ifunike. Majani ya migomba, mkeka mbovu, kipande cha turubai kuukuu, chochote. Na ukifuga mbuzi wawili, watandikie majani makavu wanapolala. Majani yale hunywa mkojo, na mkojo una sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu ya mnyama. Anayezoa vinyesi tu ameacha nusu ya mali chini.

Usichanganye majivu na samadi mbichi. Majivu huifukuza amonia itoke haraka zaidi. Majivu yaingie udongoni siku yake, samadi siku yake.

BIWI LA MBOJI

Dawa ya ukali wa samadi ni kuivisha, na kuivisha ni kazi ya vijidudu. Vijidudu hao wanakula vitu viwili: vitu vikavu vya kahawia, kama majani makavu na mabua, ambavyo ni kama ugali wao, na vitu vibichi au samadi, ambavyo ni kitoweo chao. Wanahitaji ugali mwingi kuliko kitoweo. Kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni wanataka kama sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Samadi ya kuku ina kama 10 tu, ya ng'ombe karibu 20, mabua ya mahindi karibu 60, na vumbi la mbao linapita 200.

Kwa ndoo, maana yake ni hii. Ndoo moja ya samadi ya kuku, weka ndoo tatu au nne za majani makavu. Ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi, weka ndoo moja au mbili. Vumbi la mbao litumie kidogo sana. Ukilichimbia moja kwa moja kwenye tuta, vijidudu watachukua naitrojeni ya udongo ili walile, na mboga zako zitakuwa njano.

Utasema: majani makavu nitayatoa wapi kambini? Angalia ufagio wako. Kila asubuhi akina mama na watoto wanafagia uwanja, na takataka zinamwagwa mtaroni. Ndani yake kuna majani, vinyesi vya mbuzi, na udongo wa juu, ule ulio bora. Toa plastiki, betri na viwembe, kisha kinachobaki kipeleke kwenye biwi. Ongeza maganda ya viazi na ndizi, mabua ya maharage, na majani yaliyobaki jikoni. Usiweke nyama wala mifupa. Utaita panya na mbwa.

Panga tabaka kwa tabaka: majani makavu, samadi, udongo kidogo, nyunyiza maji. Kamua konzi moja mkononi. Likitoa tone moja au mawili, maji yanatosha. Yakichuruzika, ongeza majani makavu. Biwi likikosa hewa litanuka kama yai bovu.

Ukubwa ni muhimu. Biwi la hatua moja kila upande, na kimo cha kufika kiunoni, hupata joto. Biwi dogo kama sufuria halipati. Nyumba moja haiwezi kujaza biwi la namna hiyo haraka, lakini nyumba nne zinaweza kwa wiki moja. Kwa hiyo zungumza na majirani. Huyu ana kuku, yule ana mbuzi, mwingine hana mnyama lakini ana nguvu za kugeuza. Kubalianeni mapema nani atachukua ndoo ngapi, mbele ya watu, ili biwi lisije kuleta ugomvi. Kama samadi ya ng'ombe iko kwa wafugaji wenyeji, omba au nunua kwa makubaliano. Usivuke mpaka wa kambi kuifuata kama sheria ya mahali ulipo hairuhusu. Hakuna mboga yenye thamani ya kukamatwa.

Choma kijiti kirefu katikati ya biwi. Baada ya siku tatu hadi tano, kichomoe. Kikiwa cha moto kiasi cha kutamani kukiachia, kazi inaendelea. Biwi zuri hufika digrii 55 hadi 65. Joto hilo likikaa siku kadhaa huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Kila wiki mbili ligeuze, yaliyokuwa nje yaingie ndani. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, inafikichika, inanukia kama ardhi baada ya mvua. Hapo imeiva.

KIPIMO NA WAKATI

Samadi iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 inatosha eneo la hatua mbili kwa hatua mbili. Ichanganye na udongo wa juu, kina cha kiganja. Kwa gunia la mboga, changanya ndoo tatu za udongo na ndoo moja ya samadi iliyoiva, na katikati uweke nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini.

Usimalize yote siku ya kupanda, hasa kwenye kichanga. Nitakueleza kwa nini. Chembe za mfinyanzi na mboji zina nguvu ndogo ya kuvuta. Hushika potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Lakini naitrojeni ikishageuka kuwa nitrati haishikwi, inafuata maji. Mvua kubwa moja inaweza kuipeleka chini ambako mizizi haifiki. Kwa hiyo gawa: nusu wakati wa kupanda, nusu nyingine baada ya wiki nne au tano, ukiiweka kando ya shina, si juu ya shina.

Sasa afya. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo. Isiguse mboga inayoliwa mbichi, kama nyanya na karoti. Kama umeshaichimbia mbichi, ngoja miezi minne kabla ya kuvuna mboga za namna hiyo. Osha mikono kwa sabuni baada ya kazi, na watoto wasicheze kwenye biwi. Kuhusu kinyesi cha watu, tafadhali mama, tafadhali baba: usichote chooni ukapeleke bustanini. Mayai ya minyoo ya watu huweza kuishi udongoni miaka, na kipindupindu kinajulikana kambini. Biwi letu la nyumbani halina uhakika wa joto la kutosha kwa jambo hilo.

KAZI YA WIKI HII

Wiki hii naomba ufanye mambo matatu tu. Pima udongo wako kwa chupa na kwa siki, kabla hujaweka chochote. Anza biwi na jirani mmoja angalau. Na kama una samadi mbichi, ifunike leo hii, kabla ya mvua.

Kabla hujaamini tuta lote, jaribu. Panda maharage kumi kwenye kopo la udongo wako mtupu, na kumi kwenye kopo la udongo uliochanganywa na mboji yako. Baada ya wiki mbili yalinganishe. Yakiota vizuri kwenye mboji, imeiva. Yakikauka pembeni, ngoja mwezi mwingine. Laiti ningefanya hivyo kwa kabichi zangu! Ningepoteza maharage kumi tu.

Kwa vikundi, maswali ni haya. Udongo wa hapa mlipo una tofauti gani na ule wa nyumbani mlikotoka? Ni desturi gani ya shambani mliyokuja nayo ambayo hapa haifai, na ipi inafaa hata zaidi? Nani katika zoni yenu ana samadi inayopotea bure, na mnaweza kukubaliana naye vipi?

Ndugu zangu, wengi tuliacha mashamba tuliyoyajua jiwe kwa jiwe. Tulijua wapi maharage yanakubali na wapi yanakataa, kwa kuwa baba na bibi zetu walituonyesha. Udongo huu wa hapa hakuna bibi aliyetuonyesha. Inabidi tuuulize wenyewe. Tena ujuzi wa kuuliza hauhitaji kibali kuubeba: ukirudi nyumbani utakwenda nao, ukihamia kwingine utakwenda nao.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kutunza mbegu zako mwenyewe. Mpaka wakati huo, kazi njema, na Mungu awabariki. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga kipindi.)